Lumir Vrana, Kocha Msaidizi wa Ulinzi wa Korongo, 1938–2013

Dada yangu Arlene amenipa kazi ya kusoma maisha ya mume wake, marehemu Lumir Stanislav Vrana. Mimi ni Delbert Hajek, shemeji yake. Kwa miaka thelathini nilikuwa mtunza vifaa wa Korongo, timu ya futiboli ya Kimarekani hapa Chuo cha Bluestem, maana yake ni kwamba nilifua jezi, nikakausha jezi, na nikasikia mambo mengi yasiyonihusu. Dada aliniambia niandike ukurasa mmoja. Nilijaribu.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Februari 1938, shambani kwa baba yake, maili sita kusini mwa mji wa Wilber, Nebraska. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Stanislav na marehemu Bozena Vrana. Siku hiyo theluji ilikuwa imeziba njia, na mkunga aliletwa kwa trekta ya jirani. Alifika amechelewa na amekasirika. Mama yake alikuwa akisema kwamba ndiyo maana Lumir hakuwahi kuchelewa popote tena maisha yake yote.

Alianza masomo Septemba 1944, katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na shamba lao. Nyumbani walizungumza Kicheki, na Kiingereza hakukijua hata neno. Siku ya kwanza mwalimu, Bi. Ethel Rasmussen, alimwambia aketi. Akasimama akimtazama. Mwalimu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na Lumir, kwa kutaka kumfurahisha, akaenda kufungua dirisha. Darasa zima lilicheka. Dada yake mkubwa, Libuse, ambaye yupo nasi hapa mbele, aliinuka bila kuitwa, akamshika bega, akamwambia kwa Kicheki, "Kaa chini, mjinga wangu." Muhula mzima Libuse alikuwa akimnong'oneza kila neno.

Alimaliza sekondari Wilber mwaka 1956 na kujiunga na Chuo cha Bluestem, ambako alisomea ualimu wa hesabu na kucheza beki wa kati kwa miaka minne. Mwaka 1958 alivunjika pua katika kipindi cha kwanza cha mechi, akakataa kutoka uwanjani, na picha zake zote tangu siku hiyo zinaonyesha mtu anayesikiliza jambo lililo upande wa kushoto. Alihitimu Mei 1960.

Alimwoa Arlene Hajek tarehe 3 Juni 1961, katika kanisa la Wilber. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na kabla ya kumkubali nilimuuliza swali moja. "Unaweza kucheza polka?" Akajibu, "Hapana, lakini naweza kuzuia anayecheza asipite." Nikamwambia dada, huyu anafaa. Ukweli ni kwamba dansi yetu hiyo ya polka hakujifunza hadi mwisho, na vidole vya miguu vya dada yangu ni mashahidi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Marlys, Joyce na Dennis.

Alifundisha hesabu katika mji wa Friend kwa miaka minane. Agosti 1968 Chuo cha Bluestem kilimwita awe kocha msaidizi wa mabeki wa kati. Alikaa miaka thelathini na tatu.

Wajukuu wameniuliza babu yao alikuwa nani hasa kwenye timu, kwa sababu hayumo kwenye picha kubwa ya ukumbini. Wanangu, kocha mkuu ndiye anayepigwa picha. Wasaidizi ndio wanaokaa na vijana siku sita za wiki. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi hufungasha pamoja naye. Msaidizi mmoja akipata kazi chuo kikubwa, huondoka na mwenzake. Na kila mpya anayeingia huingia na mbinu zake na maneno yake. Babu yenu alifanya kazi chini ya makocha wakuu wanne na wakuu wa ulinzi tisa, wale wanaowaongoza wasaidizi wote wa ulinzi. Alikuwa kama kabati la nyumba ya kupanga: wapangaji walikuja na kwenda, lenyewe likabaki palepale, na kila mmoja aliacha kitu ndani yake.

Sasa nitasema habari za mwaka 1991. Dada alisita kuniruhusu, lakini marehemu mwenyewe aliniagiza. "Ukisoma habari zangu," aliniambia, "usinifanye malaika. Watu watakuwa wamekaa pale wananijua."

Desemba 1990 mkuu wetu wa ulinzi alipata kazi Oklahoma, akaondoka na kocha wa mstari wa mbele. Wiki mbili baadaye kocha wa mabeki wa nyuma naye akaondoka. Akabaki Lumir peke yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na miaka ishirini na miwili kazini. Mji mzima ulijua ukuu wa ulinzi ni wake. Muuza nyama alishampa soseji za pongezi. Dada alioka trei tatu za kolache, ile mikate yetu midogo ya Kicheki ya kujaza plamu, ili wakija watu wa kupongeza wakute kitu.

Jumatatu, tarehe 14 Januari, kocha mkuu Duane Ostergard alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa napita na rundo la taulo, napita polepole.

"Lumir, nimempa Terrence."

"Terrence yupi?"

"Terrence Broadnax."

Nikamsikia shemeji akisema, "Terrence wangu?"

Ndiyo, Terrence wake. Kijana wa Omaha aliyecheza beki wa kati chini ya Lumir kuanzia 1980 hadi 1983, na ambaye kwa miaka minne alikula chakula cha Jumapili mezani kwa dada yangu. Sasa alikuwa kocha huko Omaha, na alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Shemeji alikwenda nyumbani, akasimama jikoni na koti lake, akala kolache nne. Dada akaelewa. Akauliza, "Sasa hizi nyingine tuzifanyeje?"

"Mpelekee bosi wangu," alisema. "Anazipenda za plamu."

Wiki ileile chuo kimoja cha Dakota Kusini kilimtaka awe mkuu wao wa ulinzi, na kikampa siku kumi za kujibu. Siku ya sita Terrence aliendesha gari kutoka Omaha, akabisha hodi. Nilikuwapo, maana kolache hazikuwa zimeisha.

"Kocha," alisema, bado yuko mlangoni, "ukiondoka sitakulaumu. Lakini nakuomba ubaki."

"Usiniite kocha. Wewe ndiye bosi."

"Nikuite nani?"

"Lumir."

"Siwezi. Mama yangu akisikia nimekuita hivyo atanifuata hadi huku na mwiko."

Lumir alicheka, na akabaki. Sisi sote tulidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Terrence alileta mbinu nzuri sana; hata leo makocha waliomo humu watakubali. Alileta pia wasaidizi wawili wapya, mmoja wa Texas na mmoja wa Louisiana. Shida ilikuwa maneno. Ulinzi ni watu kumi na mmoja wanaopaswa kusogea kwa pamoja mara wasikiapo neno moja. Ile hatua ya kuhamia kushoto, ambayo vijana waliijua miaka mitatu kwa jina la Nyundo, Terrence aliiita Mvua. Yule wa Texas alizoea kuiita Ndama, na kila akipandwa na hasira uwanjani alipiga kelele ya Ndama. Wa Louisiana alikuwa na neno lake ambalo hakuna aliyeweza hata kulitamka. Ilikuwa hivyo kwa kila hatua, na hatua zilikuwa arobaini na mbili.

Septemba tulicheza mechi tatu. Tukafungwa 41 kwa 10, kisha 38 kwa 14, kisha 45 kwa 20. Mimi niliujua ugonjwa kutoka kwenye mashine za kufulia. Jezi za mabeki zilikuwa zinarudi safi. Beki ambaye jezi yake haina nyasi wala tope hajamfikia mtu.

Baada ya mechi ya tatu beki wetu wa kati, Brent Sundermeier, aliketi juu ya pipa la nguo chafu ameinamisha kichwa. Nikamuuliza, "Una nini? Miguu imekufa?"

"Miguu mizima, mzee Del. Nikisikia neno, kwanza nalitafsiri kwa lugha ya zamani. Nikimaliza kutafsiri, jamaa ameshanipita anapunga mkono."

Nikampelekea shemeji maneno hayo. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua uso.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na umenyamaza?"

"Hakuniuliza."

Ndugu zangu, mimi siri haikai kwangu, mnanifahamu. Jumapili ile baada ya ibada tulikaa kula bata wa kuoka na kabichi chachu, nami nikamwambia dada yangu pale pale mezani, mwenyewe akisikia. Arlene aliweka chini sahani ya matonge ya unga. Hakupandisha sauti. Dada yangu akikasirika sauti hushuka.

"Lumir. Ulipofika kwa Bi. Rasmussen hujui hata neno la kaa, nani alikutafsiria?"

"Libuse."

"Alingoja umuulize?"

Shemeji aliweka uma kando ya sahani. Bata akapoa.

Kesho yake asubuhi alimleta Terrence kwenye chumba changu cha kufulia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine anayeingia humo. Alinitazama kama mtu anayetaka nitoke. Sikutoka. Nilizima mashine ili nisikie vizuri.

"Terrence, nilijua tangu Agosti kwamba vijana wanapotea kwenye maneno. Wewe umeingia juzi, usingeweza kuona. Mimi niliona. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uanguke kidogo."

Terrence akauliza, "Kidogo kiasi gani?"

"Mechi moja."

"Tumefungwa tatu, Kocha."

"Ya kwanza ilikuwa hasira. Ya pili niliona aibu kusema. Ya tatu aibu ilikuwa imekua kubwa kuliko mimi."

"Nimekula mezani kwako miaka minne!" Terrence alipiga rundo la taulo safi kwa ngumi, likamwagika sakafuni lote. "Miaka minne! Vijana wale wanazomewa, na mama zao wako uwanjani wanasikia!" Akatoka. Mlango ulijipiga ukutani.

Shemeji aliinama akaanza kuokota taulo. Nikamwambia aache, ni kazi yangu. Akasema, "Niache nami niwe na kazi leo." Tulikunja taulo sitini. Tulipofika ya mwisho mlango ulifunguka. Terrence alikuwa amenawa uso.

"Sijakusamehe," alisema. "Nitakusamehe baadaye, sasa hivi sina nafasi. Tunafanyaje?"

"Mbinu zako zibaki zote. Ni nzuri kuliko zangu. Tuwaulize vijana ni neno gani wanalisikia haraka, tulitumie hilo, na sisi wanne tufunge midomo kwa mengine."

Waliwaita mabeki wote siku hiyohiyo. Brent alisimama ubaoni na chaki, wenzake wakapiga kura neno kwa neno. Nyundo ilishinda. Ndama ilipata kura moja, na hatujui hadi leo ni ya nani, ingawa kocha wa Texas alikuwa ameinua mkono. Kwa hatua tano wakachagua maneno mapya yao wenyewe. Moja liliitwa Arlene, kwa maana ya wote rudini nyuma haraka.

Halafu marehemu alifanya jambo ambalo lilimgharimu kuliko kukiri kwake. Mabeki wa nyuma ndio waliokuwa wanavuja zaidi, na yule wa Texas aliyewafundisha alikuwa fundi wa mabeki wa kati. Lumir alisema, "Mpe wangu. Mimi nitachukua wa nyuma." Alikuwa amewafundisha mabeki wa kati miaka ishirini na mitatu, na yeye mwenyewe alicheza pale hadi kuvunjika pua. Kwa wiki mbili nilimwona kila jioni akibaki uwanjani baada ya mazoezi, akijifunza kukimbia kinyumenyume, na tumbo lile. Vijana walimpigia makofi kutoka dirisha la ukumbi wa chakula. Alianguka mara nyingi. Kila alipoanguka aliinuka na kuinama kwa heshima kama mwigizaji.

Mechi ya nne tulifungwa tena, lakini 24 kwa 21. Ya tano tukashinda. Jezi zikaanza kurudi zikiwa na nyasi mabegani. Sikuwahi kufurahia kufua kama Oktoba ile.

Tarehe 16 Novemba wakaja mahasimu wetu, Tarkington. Tulikuwa mbele 13 kwa 10, zimebaki sekunde tisa, na wao wako yadi moja kutoka kwenye mstari wetu wa goli, na jaribio moja tu mkononi la kuuvuka. Kelele zilikuwa nyingi hata meno yalitetemeka. Brent akapaza sauti: "Nyundo! Nyundo!" Nikawaona wote kumi na mmoja wakihama pamoja, kama mlango mmoja unaofungwa. Mchezaji wa Tarkington mwenye mpira aligonga pale, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Basi. Ikawa imekwisha.

Watu wakamiminika uwanjani. Lumir alimtafuta Terrence wakumbatiane, lakini miwani ilikuwa imejaa ukungu, akamkumbatia mwamuzi. Alimbeba kabisa, miguu inaning'inia. Mwamuzi akawa anasema, "Bwana, bwana, niweke chini." Terrence ndiye aliyekuja kumbandua. Kisha akamshika shemeji kichwa kwa mikono miwili na kumwambia jambo sikioni. Nilimuuliza Lumir mara nyingi aliambiwa nini. Mwaka huu tu, kitandani, ndipo aliponiambia. Terrence alisema, "Sasa nina nafasi."

Tulimaliza msimu kwa kushinda mechi tano na kushindwa nne. Hakuna kombe. Lakini tangu mwaka ule, kila msaidizi mpya alipoingia Bluestem, jambo la kwanza lilikuwa kukaa na vijana ubaoni kukubaliana maneno, na makocha wengi waliopitia hapa wamelibeba jambo hilo walikokwenda.

Mwaka 1995 Terrence aliondoka kwenda kuwa kocha mkuu Illinois, na Lumir akapewa ukuu wa ulinzi, kazi aliyoitaka maisha yake yote. Kwa kuwa aliniagiza nisimfanye malaika, nasema: alikuwa mkuu mbaya. Alijua kila mchezaji anaumwa wapi na mama yake anaitwa nani, lakini akitakiwa kuamua haraka alitaka kuwasikiliza wote kwanza. Misimu miwili tulivuja kama kikapu. Siku moja aliendesha gari hadi kwa Duane Ostergard, ambaye alikuwa amestaafu, akamkuta anamwagilia nyanya.

"Duane, mwaka tisini na moja wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Ostergard akasema, "Nilijua utakuja. Nilidhani utachelewa zaidi."

"Lakini ungeweza kunikaribisha hata kiti kabla ya kuniambia."

"Hilo ni kweli," alisema mzee, na akampa nyanya sita.

Lumir aliomba arudishwe kuwa msaidizi wa mabeki wa nyuma, akakubaliwa, na miaka minne iliyobaki ndiyo aliyoifurahia kuliko yote. Alistaafu Juni 2001. Aliendelea kwenda mazoezini kila Jumanne, anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, na hakuwahi kusema neno mpaka aulizwe. Walimuuliza kila Jumanne.

Aprili 2012 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka na maji yanajaa mapafuni. Alitibiwa katika hospitali ya Lincoln, na miezi ya mwisho alitunzwa nyumbani na dada Arlene na binti zake kwa upole mkubwa. Hakulalamika isipokuwa juu ya supu isiyo na chumvi. Terrence alikuja mara sita. Walitazama kanda za mechi bila sauti, wakibishana juu ya miguu ya beki wa nne, mpaka Marlys akawa anaingia kuwaambia wapunguze kelele, mmoja wao ni mgonjwa. Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2013, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Marehemu ameacha mke, Arlene, watoto watatu, Marlys, Joyce na Dennis, na wenzi wao, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyezaliwa Agosti, dada yake Libuse, shemeji mmoja ambaye atamkosa sana kwenye chumba cha kufulia, na mabeki mia nne na kumi na wawili. Jeneza litabebwa na Terrence Broadnax, Brent Sundermeier na makocha wanne waliowahi kuishika kazi yake. Wamekwisha kubishana huko nyuma nani akae upande gani, na nimeambiwa wamekubaliana.

Baada ya mazishi kutakuwa na chakula katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Dada yangu ndiye aliyeamua tuzike saa nne, kwa sababu Korongo wanacheza leo saa saba na nusu, na amesema hataki kusikia kwamba beki yeyote alichelewa uwanjani kwa ajili ya Lumir.

Mungu akupumzishe, shemeji. Sisi tunakwenda kula upesi.